Gurudumu limekataa kuingia baada ya kubadili breki? Usikubali etriye isagwe

Wengi wetu hapa Bukavu tunabadili breki za mbele kwa vipuri vya okazyo: disiki, pedi na etriye (ile inayobana pedi kwenye disiki; wengine wanaiita kalipa) vilivyofunguliwa kwenye gari jingine. Kazi inaisha jioni, gurudumu linarudishwa, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Jante (rimu ya gurudumu) haikai vizuri, au inakaa lakini haizunguki, au inazunguka huku inakwaruza. Fundi aliyechoka huwa na majibu mawili mkononi: kusaga etriye kidogo, au kuweka rondele (washa) nyuma ya jante ili isogee nje. Ninakuomba uyakatae yote mawili mpaka ujue ni chuma gani kinagusa chuma gani. Mji wetu ni wa miteremko. Anayeshuka kutoka Kadutu kila siku, au anayeteremka Ngomo kuelekea Kamanyola na Uvira, hana nafasi ya kubahatisha breki.

Anza bila gurudumu. Bana disiki kwa nati mbili, kisha izungushe kwa mkono. Kukwaruza kidogo kwa pedi mpya ni kawaida. Ikiwa ni nzito kabisa, jante haina kosa lolote: pistoni haikurudishwa ndani vya kutosha, au pini za etriye zimekauka, au pedi haijakaa kwenye njia zake. Ukisikia bati likilia, tazama ile ngao nyembamba iliyo nyuma ya disiki. Hupindwa kirahisi sana wakati wa kugonga disiki ya zamani itoke, na hunyooshwa kwa vidole tu. Hapohapo angalia nipeli ya kutolea hewa. Lazima iwe upande wa juu wa etriye. Ikiwa chini, etriye ya kushoto imefungwa kulia, na hata mkitoa hewa usiku kucha pedali itabaki laini.

Disiki ikizunguka vizuri, ingiza gurudumu bila kulazimisha na utazame kwa tochi pale jante inapokutana na disiki. Ukiona mwanga unapita, kuna kitu katikati. Mara nyingi ni kutu. Mvua na matope yetu hujenga gamba gumu kwenye uso wa habu, yaani pale disiki na gurudumu vinapofungiwa, na kuzunguka kitovu chake, na disiki mpya ikiegemea gamba hilo inakaa upande. Kwa magari mengi, kuyumba kwa disiki kunakokubalika hakufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo gamba ambalo jicho halilioni linatosha kutikisa usukani unapokanyaga breki. Brashi ya waya, msasa, kitambaa kikavu, basi. Usipake grisi kwenye bolti za gurudumu. Tazama pia kama ile skrubu ndogo inayoshika disiki imezama yote, na kama tundu la katikati la disiki linalingana na kitovu cha habu. Disiki ya gari jingine inaweza kuwa na matundu ya bolti yaleyale na bado ikawa na tundu la katikati dogo zaidi, au kina tofauti.

Sasa tatizo lililonipata mimi. Gari langu ni Corolla yenye jante za inchi 14. Nililetewa seti nzima ya mbele, safi, ya toleo lenye breki kubwa zaidi. Kila kitu kilifunga, ila gurudumu lilipokazwa nati liligoma kuzunguka. Fundi akaniambia, “Mama, tunasaga tu kidogo, itaingia.” Nikamwomba tupime kwanza. Disiki ilikuwa na milimita 275. Inchi 14 ni milimita 355 na nusu hivi pale tairi linapokaa, kwa hiyo kutoka ukingo wa disiki hadi hapo zinabaki kama 40 tu, na humo inabidi vienee mgongo wa etriye, unene wa jante yenyewe na lile bonde lake la katikati. Haikuwa suala la kusaga. Seti ile ilitaka jante za inchi 15.

Kupima nafasi hakuhitaji chombo cha ghali. Tulibandika donge la ugali mbichi, mgumu kiasi, juu ya mgongo wa etriye na jingine usoni mwake kuelekea mikono ya jante. Tukaingiza gurudumu, tukalizungusha mara moja, tukalitoa. Donge la usoni lilibaki nene. La mgongoni lilikuwa limekwanguliwa hadi chuma kuonekana. Mimi sikubali nafasi iliyo chini ya milimita 3, kwa sababu chuma hutanuka kikipata moto na kokoto hupenya. Kabla ya kulaumu etriye, hakikisha pia si vile vipande vya risasi vya balansi vilivyobandikwa ndani ya jante vinavyogusa. Hivyo huhamishwa tu.

Kusaga etriye ni kupunguza mwili wa kitu kinachobeba nguvu yote ya mguu wako. Sitapanda gari la namna hiyo. Rondele nayo ina hesabu yake: bolti za Toyota nyingi ndogo zina kipenyo cha milimita 12 na hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5, hivyo nati inapaswa kuzunguka angalau mara 8 kamili kabla ya kukaza. Weka rondele, hesabu tena. Ikizunguka mara tano, gurudumu linashikwa na nyuzi chache mno. Na nati za Nissan nyingi zina hatua ya 1.25. Zinaanza kuingia kwenye bolti ya Toyota kisha zinaikata.

Nati zenyewe zilingane na jante. Za koni haziketi kwenye jante ya alumini iliyochongewa nati zenye washa bapa. Kaza kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limegusa chini kidogo. Corolla inataka nyutoni-mita 103: kwa mpini wa nusu mita, ni kama kuning’iniza kilo 21 mwishoni mwake.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara nyingi hadi iwe ngumu. Baada ya kubadili pedi, kanyago la kwanza huzama hadi chini, na magaraji yetu mengi yako kwenye mteremko. Endesha barabara tambarare kwanza, simama, pitisha kiganja karibu na kila jante bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, rudi ukafungue. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Na siku nyingine ukienda kununua seti ya okazyo, peleka jante yako moja dukani uivalishe palepale, kabla ya kutoa pesa.