Barua kwa mwanangu: Huyo mtoto anayeamka saa saba, saa nane na saa kumi

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu kipenzi,

Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara tatu. Umenitumia saa tisa na dakika ishirini za usiku, na nyuma ya sauti yako namsikia mume wangu mdogo analia huku feni inazunguka. Umeniuliza mambo mawili: kama umlikize, yaani umwachishe ziwa, ili apate kulala, na sisi wazee tuliwalazaje nyinyi. Mwishoni, kwa sauti ya chini, ukasema ulimfokea mpaka akashtuka, ukakaa sakafuni ukalia naye. Naanza na hilo la mwisho. Ndilo lililonifanya nishike kalamu; kwenye simu ningelia, nawe ungenyamaza.

Mama, mwili uliokosa usingizi wiki sita hauna subira. Hata mimi yalinipata. Kaka yako alipokuwa na mwaka na nusu, usiku mmoja nilimbwaga kitandani kwa nguvu ambayo mpaka leo mikono yangu inaikumbuka. Alinyamaza, akanitazama. Nilitoka uani nikasimama karibu na pipa la maji mpaka adhana ya alfajiri. Kwa hiyo nakusemesha kama mtu aliyefika pale: ukiona mikono inaanza kutetemeka kwa hasira, mlaze chini ya chandarua mahali asipoweza kuanguka, kisha toka, simama mlangoni, upumue. Kulia dakika tano hakutamdhuru. Kumtikisa ndiko kunakodhuru, maana kichwa chake bado ni kizito kuliko shingo yake na ubongo wake ni laini. Halafu mwamshe baba yake usiku huo huo, usingoje kumsimulia asubuhi.

Sasa tuje kwenye kuamka kwenyewe. Hakuna mtoto anayelala moja kwa moja mpaka asubuhi, hata huyo wa jirani yako anayesifiwa. Usingizi wa mtoto huenda ukizama na kuibuka, na kila baada ya saa moja hivi au moja na nusu huwa mwepesi kama ukungu. Pale hufumbua macho. Anachotafuta ni kile alichokuwa nacho alipofumba macho. Wako hulala akiwa na ziwa mdomoni, kwa hiyo akiibuka asilikute, kwake ni kama wewe kulala kitandani ukazinduka uko barazani. Lazima aite.

Na kuna jingine ambalo umenisimulia vipande vipande bila kuviunganisha. Tangu uanze hiyo kazi mpya unatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, unarudi saa moja usiku. Ulisema mchana anashinda na dada, anacheza, ananyonya chupa kidogo tu na kuikataa. Ulisema anapitiwa na usingizi saa kumi jioni na dada hamwamshi mpaka saa kumi na mbili, ili apate kupika. Halafu unashangaa saa nne usiku macho makavu, na kuanzia saa saba ananyonya kila mara. Mwanangu, mtoto huyo amehamishia mchana wake kwenye usiku, kwa sababu usiku ndio anapokupata. Akiamka saa nane anakudai saa kumi na nne alizokukosa. Nilipolielewa hilo nilimhurumia yeye na wewe pia.

Ndiyo maana nasema usimlikize kwa ajili ya usingizi. Ana mwaka na miezi minne. Shirika la Afya Duniani linahimiza kunyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi, na sisi tunaisoma miaka miwili kamili katika Suratul Baqara. Ukitaka kumlikiza kwa sababu yako nyingine, una haki, sitakulaumu. Lakini ukimnyang'anya ziwa ghafla wakati tayari amenyang'anywa mchana wako, atakulilia vile vile na hutakuwa na cha kumtulizia.

Fanya hivi. Usingizi wa mchana usogeze mbele: ale chakula cha mchana, alale saa saba, na saa tisa kasoro au saa tisa aamshwe, hata kama amenuna. Mwelekeze dada kwa upole, mpe sababu, na mpunguzie kazi ya jioni. Upike wewe siku mbili au mnunue chapati, nyumba haitaanguka. Mtoto wa umri wake huhitaji kati ya saa 11 na 14 za usingizi kwa siku nzima, huo wa mchana ukiwa ndani yake. Anazipata, ila zimekaa vibaya.

Ukifika nyumbani, weka mkoba, weka simu juu ya kabati, na nusu saa ya kwanza iwe yake peke yake. Mkae mkekani, akupande mgongoni, akuvute nywele. Kisha aoge maji ya vuguvugu, ale ashibe, kisha mnyonyeshe sebuleni taa ikiwa bado inawaka, umtoe kabla hajazama. Umpeleke kitandani akiwa anasinzia lakini anajua anakwenda. Mlaze na kanga yako uliyoivaa siku hiyo, usiifue kwanza. Kaka yako alikuwa na kanga moja ya rangi ya kahawia, pembe yake aliifikicha kwa vidole viwili mpaka ikatoboka; bila ile pembe hakuna usingizi, na kwa ile pembe hata kwa bibi yake Pangani alilala.

Akiamka, usimrukie. Sikiliza kwanza. Kuna kulalama, sauti inayopanda na kushuka kama mtu anayeongea na nafsi yake. Hiyo mara nyingi huisha yenyewe. Na kuna kilio cha kuita. Hicho usikiache. Wapo wanaowaacha watoto walie wenyewe mpaka wazoee, na wengine wamefanikiwa, siwahukumu. Lakini nyinyi mko chumba na sebule, ukuta mmoja na wapangaji wenzenu, na wewe mwenyewe moyo wako hauwezi. Panga kunyonyesha mara mbili tu, tuseme saa sita na saa kumi. Mara nyingine zote aende baba yake. Ampapase mgongoni, amwambie neno moja lile lile, asimwashie taa. Mkwe wangu ni mtu mwema, mweleze waziwazi kwamba hiyo ni kazi yake na si kukusaidia kazi yako. Usiku wa kwanza na wa pili mtoto atapiga kelele kwa hasira, kwa sababu alimwita mama akaja baba. Vumilieni. Msiyumbe usiku wa tatu, hapo ndipo wengi hushindwa.

Chai. Dada anampa chai ya rangi jioni kwenye kikombe chake cha plastiki, nilimwona nilipokuja Idi. Ikome. Chai ina kafeini, na tena huzuia madini ya chuma ya chakula yasiingie vizuri mwilini, na mtoto aliyepungukiwa chuma hulala kwa kuhangaika.

Hayo yote ni ya mtoto mzima wa afya. Lazima nikueleze na la kaka yako, kwa sababu ndilo linalonitia hofu nikisikia mtoto analia usiku. Wewe ulikuwa mlalaji. Yeye alianza ghafla: ukimlaza anapiga mayowe, ukimsimamisha begani ananyamaza. Majirani wakasema zongo. Nilimpeleka zahanati moja, wakampa dawa ya homa bila kumtazama masikioni, tukarudi. Usiku wa nne akalala fofofo, nikashukuru. Asubuhi nikakuta foronya ina doa la manjano, limekauka, saizi ya shilingi. Sikio lilikuwa limejaa usaha, likapasuka, ndiyo maana maumivu yalipoa. Mtoto alikuwa ananiambia siku zote kwamba akilala ndipo panapouma, na mimi nilikuwa nafukiza ubani.

Kwa hiyo mtazame. Akivuta sikio, akiwa na homa, akikoroma kila usiku au pumzi ikikatika katikati ya kukoroma, akijikuna sehemu ya haja kubwa usiku, au mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukilala, mpeleke, na useme mwenyewe: naomba mtazame masikio. Muulize muuguzi kama dawa ya minyoo amepata. Magego ya kwanza pia hutoka umri huu na humsumbua siku kadhaa, lakini meno yasibebeshwe kila kitu.

Mama mkwe wako anasema ni jicho. Usibishane naye, mpe heshima yake. Dua haimdhuru mtoto. Ila dawa ya kunywa ya kienyeji usimpe, na wanja machoni usimtie, maana baadhi huwa na madini ya risasi. Na ile dawa ya maji ya mafua ambayo shoga yako anampa wake ili alale, tafadhali mama, usiiguse.

Nimekata tiketi ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nitafika jioni, na usiku huo na wa Jumamosi atalala na mimi sebuleni. Utakamua maziwa kidogo, utaoga, utaingia chumbani na utafunga mlango. Ukimsikia analia, geuka upande wa pili. Godoro la wageni liwekeni juani tangu Alhamisi, linakuwa na unyevu. Na mwambie huyo bwana mke wake mkubwa yuko njiani, anakuja na korosho.

Mama yako