Ukishafika kona ya vitumbua, usirudi kitandani

Wiki iliyopita niliweka picha ya medali yangu ya mbio za Moshi, zile za kilomita 21. Sifichi, nilitaka isifiwe, na ikasifiwa. Usiku nikiwa nakunja nguo za watoto ukaingia ujumbe wa msomaji mmoja:

"Dada hongera sana. Mimi naweka alamu tatu: saa kumi na nusu, saa kumi na moja kasoro kumi, na saa kumi na moja kamili. Zote nazizima na asubuhi sikumbuki nimezizima saa ngapi. Hiyo hamasa wewe unaitoa wapi? Au mwenzetu umejaliwa?"

Hongera niliipokea. Hilo "umejaliwa" ndilo lililonikera mpaka nikaacha nguo nusu. Mdogo wangu, mimi nilichojaliwa ni presha ya kurithi na mapaja yanayosuguana. Vuta kiti nikuhadithie, maana jibu la mstari mmoja halitakufaa.

Machi 2024 nilikwenda zahanati kwa sababu ya kikohozi. Wakanifunga ile mashine ya presha mkononi, nesi akatazama namba, akanyamaza, akahamia mkono wa pili. 148 kwa 94. Akaniuliza kama nimepanda ngazi. Zahanati yenyewe haina ghorofa. Daktari alikuwa kijana, ningeweza kumtuma dukani, lakini aliniambia kwa upole: rudi upimwe tena, punguza chumvi, na kila wiki upate mazoezi yasiyopungua dakika 150. Si mambo aliyoyatunga yeye, ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima, na kutembea haraka kunahesabika. "Gawa kwa siku tano, dakika thelathini thelathini," akasema.

Mimi ni mhasibu. Hesabu hiyo niliielewa vizuri, ila nikaamua kuichakachua. Nikasema zote nitazimaliza Jumapili.

Ndipo nikajiunga na klabu ya mbio ya mtaani kwetu. Wa Dar mnazijua: fulana za rangi moja, filimbi, mistari miwili na nyimbo kama mchakamchaka wa shule ya msingi, na mwisho wa yote supu. Nikalipia fulana, nikalipia nauli ya Coaster. Jumapili ya tatu tukapelekwa Coco Beach, tuvuke Daraja la Tanzanite mpaka upande wa hospitali ya Aga Khan kisha turudi.

Daraja lile lilifunguliwa 2022, na urefu wake ni kilomita moja na ushei tu. Ukiwa kwenye gari hata wimbo wa redioni hauishi. Kwa miguu, ukiwa na kilo 91 na raba zinazobana kidole gumba, upepo wa bahari ukikupiga ubavuni, ni safari. Kwenda nilijikongoja. Kurudi nikasikia filimbi inafifia, inafifia, halafu nikabaki na magari na mawimbi. Nikasimama katikati ya daraja nimeshika chuma, najifanya natazama ngalawa. Ngalawa yenyewe haikuwepo.

Nilipofika Coco walikuwa wameshapiga picha ya pamoja. Picha ikawekwa kwenye kundi la WhatsApp na maneno haya chini: "Wazima wote tumefika, mgonjwa mmoja bado yuko darajani." Vikatuni vya kucheka nilivihesabu, vilikuwa ishirini na tatu, na vitatu kati ya hivyo viliwekwa na katibu, ambaye nilishawahi kumtengenezea mahesabu ya kikoba chao bure. Nikatoka kwenye kundi. Fulana nikaifanya tambara la kupigia deki. Watu wananiambia nisamehe, yamepita. Nimesamehe. Lakini kama mnasoma hapa, medali mmeiona.

Miezi iliyofuata haina la kusimulia. Nilikula, nikalala, nikanunua alamu yenye kengele mbili juu kama jogoo wa chuma, na baba watoto akaihamishia stoo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokuwa najidanganya, na nadhani nawe ndipo ulipo. Mimi sikuwa na tatizo la kuamka. Gari la shule linampitia mwanangu kona ya kwetu Segerea saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo kila siku ya shule saa kumi na moja kamili niko macho, nachemsha chai, natafuta soksi. Namsindikiza nikiwa na kanga, anapanda, napunga mkono. Halafu narudi kitandani "robo saa". Hiyo robo saa inaisha saa moja kasoro, nakurupuka, natoka bila kunywa chai, na foleni ya Tabata inanikamata kama mwizi. Miaka minne nilikuwa na saa nzima ya asubuhi mkononi, nairudisha chini ya shuka.

Kwa hiyo acha kujilaumu kwamba huwezi kuamka. Wengi wetu mjini hapa tunaamka usiku wa manane kwa ajili ya watoto, daladala, sala ya alfajiri, ndoo za maji. Tunachoshindwa ni kutorudi.

Pale kona anakaa mama mmoja muuza vitumbua. Nilimnunulia miaka yote bila kumtazama. Siku moja gari la shule lilichelewa, nikakaa kwenye benchi lake. Kikaango chake kina matundu saba. Anachota uji wa mchele kwa kikombe cha plastiki kilichokatika mkono, anajaza tundu la kwanza, la pili, mpaka la saba, na akimaliza la saba lile la kwanza kando zimeshaanza kuwa kahawia. Anachomeka spoku ya baiskeli pembeni, anazungusha mara moja, kitumbua kinalala kifudifudi. Hatazami. Anaongea na bodaboda huku mkono unafanya kazi wenyewe.

Nikamwamkia, nikamwuliza: mama, unaamka saa ngapi?

"Saa nane na nusu."

Kila siku?

"Mchele ukishalowekwa na kusagwa umekwisha, mwanangu. Nisipoamka unachacha. Nitamwambia nani?"

Nilikwenda ofisini siku hiyo nikiwa na hilo neno. Mama haamki kwa sababu ana nguvu kuliko mimi. Anaamka kwa sababu jana yake jioni ameshafanya jambo ambalo halirudi nyuma. Mchele uko ndani ya maji.

Basi nami nikaanza kuloweka mchele wangu. Usiku naweka raba mlangoni, soksi ndani ya raba, ufunguo ndani ya soksi, na chai ya mtoto nimeshaitia kwenye chupa. Raba zenyewe ni za mtumba, Karume, elfu thelathini na tano baada ya kubishana sana, na safari hii nilichukua namba moja zaidi ili kidole gumba kipumue. Sidiria ya mazoezi hiyo usibahili, nunua mpya. Asubuhi simsindikizi mtoto na kanga tena. Namsindikiza nimeshavaa kila kitu, kwa sababu nikirudi ndani "kubadilisha tu nguo" kitanda kinaniona.

Nikaongeza na faini. Nilimpa mama shilingi elfu kumi, makubaliano ni hivi: siku nikipita nakimbia ananirudishia elfu moja, nisipopita ni yake. Wiki mbili za kwanza alikula elfu sita. Alifurahi sana, nahisi alikuwa ananiombea usingizi.

Hela ilisaidia kidogo, lakini kilichonimaliza ni mdomo wake. Siku ambayo nilimpandisha mtoto na kugeuza njia ya nyumbani, alipaza sauti mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda: "Mhasibu leo kalala!" Nilikuwa nimesimama mbele yake, macho makavu, nimevaa raba, ananiambia nimelala. Na alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo jina langu pale kijiweni ni Mhasibu, na nisipopita naulizwa jioni kama mtu aliyekwepa msiba.

Ndiyo maana nakwambia hamasa si kitu cha kukisubiri. Kule kwenye mchakamchaka shuleni nani alikuwa na hamasa? Ilikuwa baridi, miguu imekauka, mwalimu wa zamu ana fimbo. Tulikimbia kwa sababu mstari ulikuwa unakimbia. Ondoa fimbo, sizipendi, lakini watu wabaki. Tafuta mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi. Si lazima awe mkimbiaji, na kwa uzoefu wangu wa darajani, heri asiwe. Awe tu mtu ambaye yuko pale kila siku na hana aibu.

Mwanzo sikukimbia. Nilitembea haraka kuelekea Kinyerezi dakika kumi na tano, nikageuza. Wiki ya tatu nikawa nakimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, natembea mbili. Ule mchoko wa dakika za kwanza, kichwa kizito kama umemwagiwa mchanga, usiuamini. Ni ulevi wa usingizi, mara nyingi ndani ya nusu saa umeyeyuka, na ukiusikiliza ukiwa umelala utakushinda kila siku. Usiusikilize ukiwa umelala. Usikilize ukiwa barabarani.

Na jua nalo lina mchango wake. Novemba hapa Dar kunakucha mapema, saa kumi na mbili kamili jua limeshachomoza, na mtu anapita na kanzu unamtambua kutoka mbali. Julai jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu na ushei, kwa hiyo mtoto akipanda gari bado ni giza. Mwanamke peke yake gizani si mchezo. Nilishafukuzwa na mbwa, nilishapigiwa miluzi, na simu nilishaacha kuibeba. Miezi ya giza sifiki Kinyerezi, nazunguka palepale kati ya kijiwe cha bodaboda na msikiti, mara nane, mara kumi, kama punda wa kinu. Inachosha akili, lakini narudi salama. Wanaume wanaoandika "toka tu, acha visingizio" nadhani hawajawahi kukimbia wakiwa na shingo imegeuka nyuma.

Na usiniletee habari ya vipaji. Ofisini kuna kaka mmoja kila akiona raba zangu anasema, "Sisi wengine siyo Simbu." Kwani mimi ndiye? Septemba 2025 Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia Tokyo, medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania kwenye mashindano hayo, kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Nilikesha kwenye kochi. Kilomita 42 zile zimeisha, yeye na Mjerumani Petros wanaingia kwenye mstari pamoja, wote 2:09:48, kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Halafu unajua nilifanya nini asubuhi? Nilipanga nikimbie kwa heshima yake. Nikalala. Gari la shule lilipiga honi mara tatu, mtoto akapanda na viatu mkononi, na mama vitumbua akachukua elfu yake. Hamasa ya kiwango cha dunia nilikuwa nayo, saa mbili tu kabla. Mchele sikuwa nimeloweka.

Presha sasa? Mara ya mwisho ilikuwa 128 kwa 82. Sikwambii uache dawa, kama umeandikiwa meza, na kama una presha au moyo muone daktari kabla ya kuanza kukimbia. Kilo ni 79. Moshi nilimaliza kwa saa mbili na dakika hamsini na nne, ile njia ya kupanda kuelekea Mweka ikinitoa machozi, na karibu yangu kulikuwa na bibi mwenye mvi akila chungwa huku anakimbia, akanipita. Sikuumia. Hakuna aliyeandika kwamba nimebaki njiani.

Kwa hiyo mdogo wangu, hizo alamu tatu zifute, bakisha moja, iweke mbali na mkono wako. Lala mapema, tamthilia itarudiwa kesho mchana. Weka raba mlangoni. Usirudi kitandani. Nimeshasema usirudi kitandani? Usirudi. Na mtafute mama vitumbua wako. Akiwa muuza magazeti, mlinzi wa geti, muuza maziwa, sawa tu, ilimradi awe na mdomo.

Ninapoandika hii ni saa tatu usiku. Soksi ziko ndani ya raba. Mama ana elfu nne yangu mkononi, na jana aliniambia mchele umepanda bei.