Choo, kisima na jalala: maswali yenu wiki hii

Choo chetu cha shimo kinanuka na kimejaa nzi. Tumemwaga dawa ya kuua vijidudu mara tatu, wapi!

Acheni dawa. Inaua hata vijidudu vinavyoozesha kinyesi, na shimo litawahi kujaa. Mwageni majivu, kisha mfunike tundu. Mkiwa na uwezo, wekeni bomba la hewa lenye upana wa sentimita 15, lipite paa kwa nusu mita, na mdomoni lifungwe wavu. Upepo unaopita juu huvuta harufu kutoka shimoni. Nzi nao hufuata mwanga wa bomba, wakakwama kwenye wavu na kufia humo. Mkishaweka bomba, tundu liachwe wazi hewa ipite, na ndani ya choo kuwe na kiza kidogo, la sivyo nzi watatokea mlangoni.

Fundi anataka kuchimba choo mita kumi kutoka kisimani. Anasema udongo utachuja.

Mwambieni asogee. Mita 30 ndicho kipimo cha kawaida, tena upande wa chini wa mteremko. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu mtaa wa Broad Street, London, na daktari John Snow akakifuatilia hadi kwenye pampu ya maji. Walipokuja kufukua, wakakuta shimo la maji machafu likivuja hatua moja tu kutoka kisimani. Ndani ya shimo hilo yalikuwa yamemwagwa maji yaliyofulia nepi za mtoto mchanga aliyekuwa akiharisha.

Mama mkwe anasema kinyesi cha mtoto hakina neno, tukitupe tu jalalani.

Shikamoo yake, lakini rudini kwenye zile nepi. Kitieni chooni, mnawe kwa sabuni.

Tuchome plastiki?

Hapana. Moshi wake una sumu, na plastiki ya mabomba na nyaya za umeme ndiyo mbaya zaidi, hutoa dioksini, aina ya sumu kali.

Gari la taka linapita kila baada ya wiki mbili. Tuvumilie?

Msivumilie. Kwenye joto, yai la nzi huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Gari likifika, kizazi kizima kimesharuka. Daini lipite kila wiki, ikiwezekana mara mbili. Wakati mkisubiri, maganda na mabaki ya chakula yasiingie pipani: changanyeni na majani makavu, mgeuze mara kwa mara, yawe mboji. Pipa litakalobaki halitakuwa na cha kumlisha nzi.