Mwaka wa Kwanza Ujerumani: Jibu kwa Wanaouliza Kama Nimebadilika

Ndugu zangu, na hasa nyinyi wadogo zangu mnaojiandaa kuondoka Kenya,

Tangu nilipotimiza mwaka mmoja wa kusomea uuguzi hapa Leipzig, swali mnaloniuliza limekuwa lile lile, ingawa kila mmoja huliuliza kwa namna yake. Wengine husema sauti yangu imetulia, wengine husema nimekuwa mgumu, na mmoja wenu aliniuliza waziwazi kama ni Ujerumani iliyonibadilisha, na kama naye akija atabadilika vivyo hivyo. Niliahidi kujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu mtandao hukatika, wazee huwa wanasikiliza kando, na mtu huishia kusema kwamba yuko salama na anamshukuru Mungu, jambo ambalo ni kweli lakini halitoshi.

Nimebadilika. Kilichonibadilisha si utajiri wa nchi hii wala utaratibu wake unaosifiwa sana, bali ni kuishi mwaka mzima mahali ambapo hakuna aliyekuwa akinijua. Huko nyumbani nilikuwa binti wa fulani, mjukuu wa fulani, yule aliyeongoza kwaya, yule aliyefanya vizuri katika mtihani wa kidato cha nne. Watu walikuwa na habari zangu kabla sijafungua kinywa, na hata nilipoteleza kulikuwa na mtu wa kusema kwamba huyu tunamjua, hakukusudia. Hapa niliingia nikiwa na jina linalowashinda wengi kulitamka, na kila nilichotaka watu wakijue kunihusu ilinibidi nikionyeshe kwa kazi, au nikieleze kwa lugha ambayo bado ilikuwa nzito mdomoni mwangu. Mtu aliyezoea kubebwa na sifa za nyumbani huwa hajui kwamba anabebwa mpaka siku atakapotua chini na kutembea kwa miguu yake mwenyewe.

Niseme kwanza habari ya lugha, kwa kuwa ndiyo iliyonishughulisha kuliko yote. Nilikuja na cheti cha Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha nne kati ya viwango sita vya lugha, na nilikipata kwa jasho. Cheti hicho humwezesha mtu kusoma barua ya ofisi na kuzungumza na mwalimu anayetamka polepole. Hakimwandai kwa mzee wa miaka tisini anayezungumza kwa lafudhi ya Saxony, jimbo ulipo mji huu wa Leipzig, bila meno yake ya bandia, wala kwa simu inayolia wodini wakati wauguzi wengine wote wako vyumbani, maana kwenye simu hakuna uso wa kukusaidia kukisia. Kigumu zaidi ni makabidhiano ya zamu saa kumi na mbili asubuhi. Muuguzi wa usiku, akiwa amechoka na anataka kwenda kulala, hueleza kwa dakika chache habari za wagonjwa wote: nani alianguka, nani hakunywa maji ya kutosha, jeraha la nani limeanza kutoa usaha, nani asipewe chochote kwa sababu anakwenda kupasuliwa. Neno moja likikupita hapo, anayeumia si wewe.

Ni katika makabidhiano hayo ndipo nilipojifunza kusema mbele ya watu kwamba sijaelewa na kuomba jambo lirudiwe. Huenda likaonekana jambo dogo kwenu. Lakini wengi wetu tulilelewa katika madarasa ambamo kuuliza kulimaanisha kwamba hukuwa makini, na tukakua tukiitikia kwa kichwa hata pale ambapo hatukushika kitu. Mkufunzi wangu alinieleza mapema kwamba mwanafunzi anayeuliza hamtii wasiwasi hata kidogo, na kwamba anayemtia wasiwasi ni yule anayekubali kila kitu. Ilinichukua miezi kadhaa kuliamini neno hilo kwa moyo wote. Siku hizi huuliza bila kuona haya, na nadhani utulivu mnaousikia katika sauti yangu unatoka hapo: sina tena mzigo wa kuonekana ninajua.

Kuhusu kazi yenyewe, mafunzo haya ambayo Wajerumani huyaita Ausbildung huchukua miaka mitatu, na sheria inataka angalau saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za kazi, hospitalini, katika nyumba za wazee na hata majumbani kwa wagonjwa. Msijidanganye kwamba mtakuwa mkishika vipimo tu. Sehemu kubwa ya mwaka wangu wa kwanza ilikuwa kuwaogesha watu, kuwageuza kitandani wasipate vidonda vya mgandamizo, kuwabadilisha nepi na kuwalisha. Kumwogesha mwanamume aliye na umri wa babu yangu kulinitia aibu kubwa mwanzoni, kwa sababu katika malezi yetu kuna miili ambayo mtu haitazami. Aibu hiyo iliondoka nilipogundua kwamba yeye ndiye mwenye aibu kubwa zaidi, na kwamba kazi yangu ni kumfunika sehemu nisiyoiosha na kuzungumza naye kama mtu mzima.

Alikuwepo bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau ambaye ukimlisha umesimama alifumba kinywa, na ukiketi alikula. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliona mwenyewe baada ya kuhangaika naye. Nilikuja Ujerumani nikidhani kwamba nitajifunza kwenda mbio, kwa kuwa ndivyo tulivyosikia kuhusu nchi hizi, na kumbe jambo lililonikomaza ni kuketi karibu na mtu mpaka amalize kula, huku nikijua kwamba kuna vyumba vingine vinavyoningoja.

Mmeniuliza pia habari ya ubaguzi, na sitalikwepa. Mgonjwa mmoja alikataa nisimguse kwa sababu ya rangi ya ngozi yangu, akayasema hayo kwa sauti ya kusikika ukumbini. Kiongozi wa zamu alimjibu kwamba mimi ndiye niliyepangwa kumhudumia asubuhi hiyo. Siku nyingine jambo kama hilo limetokea na waliokuwepo wakanyamaza, na kunyamaza kwao kuliniuma kuliko maneno yenyewe. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikirudi chumbani na kujichunguza nimefanya nini. Sifanyi hivyo tena. Huandika tukio, humweleza msimamizi, kisha huingia chumba kinachofuata, na kwangu hayo ni maendeleo makubwa.

Majira ya baridi sitayasimulia kwa urefu, kwa kuwa kila aliye ughaibuni huyasimulia. Mjue tu kwamba mwishoni mwa Desemba jua hapa huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi alasiri, kwa hiyo anayefanya zamu ya mchana anaweza kupitisha siku kadhaa akiwa ameliona kwa uchache sana. Jumapili maduka karibu yote hufungwa. Wiki zile zilinilazimisha kukaa na nafsi yangu bila kelele, na nikaanza kusali kwa maneno yangu mwenyewe badala ya kufuata yaliyokwisha kupangwa.

Sasa niseme habari ya fedha, kwa sababu najua ndiyo inayowafanya wengine waone nimekuwa mgumu. Katika hospitali zinazofuata mkataba wa mishahara ya umma, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza hulipwa zaidi ya yuro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Karibu sehemu moja ya tano hukatwa kwa ajili ya bima ya afya, pensheni na bima nyinginezo, na hukatwa kabla hujaiona. Kinachobaki ndicho kinacholipa kodi ya chumba, chakula, usafiri, simu na ada ya redio na televisheni, ambayo kila kaya hutozwa, yuro 18.36 kwa mwezi, hata kama haina televisheni. Mkiibadilisha ile namba ya kwanza kuwa shilingi, inaonekana kubwa sana, na ninaelewa kwa nini maombi yalikuja moja baada ya jingine: karo, mazishi, matibabu, mtaji wa biashara, harusi.

Jioni moja niliwapigia wazazi wangu nikawasomea hati yangu ya mshahara mstari kwa mstari, nikitafsiri kila kato, kisha nikawasomea matumizi ya mwezi. Mama alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ninakula vizuri. Tangu siku hiyo tuna kiasi tulichokubaliana, ninakituma kila mwezi bila kukumbushwa, na mengine yote hupitia kwake kabla ya kunifikia. Baba mdogo mmoja bado hajaridhika, nami sijaacha kumpigia simu wala kumheshimu. Kusema "sina" kwa mtu unayempenda, bila kumkasirikia na bila kujificha, lilikuwa somo gumu kwangu kuliko Kijerumani. Nawaomba msilihesabu kuwa ni ugumu wa moyo. Msaada ambao mtu hupanga kuutoa hudumu. Unaotolewa kwa hofu ya kuitwa mchoyo huisha pamoja na afya ya mtoaji.

Hata hivyo, si kila badiliko ni kukua. Nimeanza kujibu watu kwa mkato. Salamu ambazo zamani nilizitoa kwa utulivu, nikiuliza habari za kila mtu nyumbani, sasa nazipitisha haraka nikitazama saa, na shangazi yangu ameliona hilo kabla yangu. Mazishi ya mtu niliyempenda sana niliyafuatilia kwenye simu wakati wa mapumziko ya kazi, kisha nikarudi wodini, na mpaka leo huzuni hiyo haijapata mahali pa kukaa. Hayo siyaiti ukomavu. Ni gharama, na anayetaka kuja ni haki yake kuijua.

Kwa wale mnaouliza kama mje, siwezi kuwaamulia, lakini kuna mambo mawili nitayasema kwa uzito. La kwanza, mkataba wa uhamiaji ambao Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024 hauna idadi ya nafasi iliyotengwa. Habari zilizoenea siku hizo, kwamba Wakenya 250,000 wangepewa kazi Ujerumani, zilikanushwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe, kwa hiyo wakala anayewaambia kwamba ana nafasi katika hesabu hiyo na anadai malipo ya haraka, msimpe hata shilingi. La pili, jifunzeni lugha mkiwa bado huko, kwa bidii kuliko inavyotakiwa na cheti, na mzoee kusema msichokielewa kabla hamjapanda ndege. Anayetarajia kwamba ughaibuni utamfanya kuwa mtu mwingine atafika na tabia zake zote, na upweke utazikuza zile mbaya kwanza.

Mmeniuliza pia kama nitarudi. Sina jibu la kweli kwa sasa. Mwishoni mwa mwaka wa pili kuna mtihani wa kati, na baada ya mwaka wa tatu mtihani wa serikali wa kuandika, wa mdomo na wa vitendo mbele ya mgonjwa. Nikiupita huo nitajua zaidi, na Mama atakuwa wa kwanza kuambiwa. Mwenye swali nisilolijibu hapa aniandikie. Kati ya zamu huenda nikachelewa siku mbili tatu, lakini nitajibu, na nitajibu kama nilivyojibu haya.