Mtoto wa miezi mitatu kupasuliwa kifua: je, ni kubadili maumbile?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Naishi Tukuyu. Mwanangu wa miezi mitatu alizaliwa na uvimbe mgumu ubavuni. Akinyonya huachia titi kila mara atafute pumzi. Hospitalini Mbeya wamesema si saratani, ila unakandamiza pafu, apasuliwe na mbavu mbili zitolewe. Mama mkwe anasema kumkata ni kubadili alivyoumba Mungu. Na hizo mbavu tuzifanyeje? Mbuzi wa akika, wa kuchinjwa kwa kuzaliwa kwake, tuwauze tupate nauli?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Mama mkwe wako hajasema ovyo. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 119, Shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadili alichoumba Mwenyezi Mungu. Lakini kuondoa madhara hakumo humo. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, siku ya Kulab. Akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu, iliyo haramu kwa mwanamume, imeruhusiwa kwa sababu ya harufu tu. Sembuse pumzi ya mtoto?

Kabla ya kujibu nilimuuliza daktari. Uvimbe huu, hamatoma ya ukuta wa kifua, ni nadra sana, na huota mbavuni tangu mtoto yumo tumboni. Wapo wanaoachwa na kuangaliwa tu, kwani umewahi kusinyaa wenyewe. Na mbavu zikitolewa, mgongo unaweza kupinda akikua. Basi daktari angesema subirini, msingekuwa na dhambi. Lakini wako pumzi inamsumbua, na waliompima wamesema apasuliwe. Kumwacha hivyo na kusema ndiyo tawakali, yaani kumtegemea Mungu, mimi sikubali. Mabedui walipomuuliza Mtume kama wajitibu, aliwajibu: "Jitibuni." Akihitaji damu aongezewe, hata ya asiye Mwislamu.

Mbavu, mkikabidhiwa, zifungeni kitambaa mzizike. Haziogeshwi wala haziswaliwi. Zikipelekwa maabara hamna lawama.

Mbuzi wauzeni. Akika ni sunna, na kwetu Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, muda wake haujafungwa mpaka mtoto abaleghe.

Mama mkwe msimwache nyumbani. Kabla ya upasuaji mtoto atazuiwa kunyonya kwa saa kadhaa, na atalia. Hapo ampakate yeye, maana kwako atasikia harufu ya maziwa.