Miguu Inapiga Pedali, Mkono Unafanya Nini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 58 na natumia vidonge vya presha. Kila jioni napanda ile baiskeli isiyokwenda popote, napiga pedali dakika 20, nashuka. Juzi kijana mmoja anayesomea mambo ya michezo aliniomba nimsaidie kwenye somo lake. Nikawa napiga pedali huku ananipima mkono kwa mashine. Akaniambia, bila hata kunitazama, "Mzee, damu yako mkononi inarudi nyuma." Tangu siku hiyo silali vizuri. Je, najiharibu mwenyewe? (Mzee wa Pedali)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Lala usingizi wako. Kijana amesema kweli, ila kakuachia nusu ya habari.

Hata mimi nilishtuka mara ya kwanza. Nilikuwa najifunza kupima mishipa kwa Doppla, mashine inayogeuza mwendo wa damu kuwa mlio na mchoro kwenye kioo. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa anapiga pedali, mkono wake mmoja umelazwa kwenye kimeza, nami nimekibana kichwa cha mashine juu kidogo ya kiwiko chake, jeli inanichuruzikia vidoleni. Kioo kina mstari wa sifuri katikati. Moyo ukipiga, kilima kinapanda juu ya mstari: damu inaelekea kiganjani. Mara nikaona, kabla ya pigo linalofuata, bonde linachimbika chini ya mstari. Nikazungusha vitufe, nikabadilisha pembe, mwisho nikamwita msimamizi kumwambia mashine imekufa. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mashine nzima," akasema, "mkono ndio hauna kazi."

Maana yake ni hii. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Kwenye mazoezi makali hufika lita 20 na kuendelea, na misuli inayofanya kazi yaweza kuchukua asilimia 80 ya damu hiyo. Ili miguu ipate fungu lake, mwili hubana vijishipa vidogo vya mahali pasipo na kazi, mkono wako ukiwamo. Sasa damu inaingia mkononi kwa nguvu za moyo uliochachamaa, inakuta milango ya mbele imeegeshwa. Pigo likilegea, sehemu ya damu hiyo inarudi ilikotoka. Ukijumlisha kwenda na kurudi, bado inayokwenda ni nyingi. Hakuna kilichoharibika.

Lakini swali lako lina msingi, kwa sababu mshipa si bomba. Ndani yake umetandikwa utando wenye unene wa seli moja tu, endothelia, na zamani ulichukuliwa kama bitana ya koti: upo, basi. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alitangaza kwamba kipande cha mshipa wa sungura kikikwanguliwa utando huo, kinagoma kulegea hata kikipewa asetilikolini, kemikali ya kukilegeza. Kilichomfikisha hapo ni kosa la kupanga hatua za jaribio maabarani, na mimi habari hiyo huwa inanifurahisha kila nikiikumbuka. Baadaye ikajulikana kwamba utando hutoa gesi, nitriki oksaidi, inayouambia msuli wa mshipa ulegee. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel.

Na kinachouamsha utando huo utoe gesi yake ni msuguano wa damu inayopita juu yake. Damu ikipita kwa kasi na kwa upande mmoja, seli hujilaza kufuata mkondo, gesi inatoka, mshipa unapanuka. Damu ikiyumbayumba huku na huku, seli hukaa shaghalabaghala na gesi hupungua. Ndiyo maana mafuta hupenda kuganda pale mishipa inapogawanyika, kama mshipa mkubwa wa shingoni, ambapo damu huzunguka kama maji kwenye kona ya mto.

Tunaupimaje utando ambao hauonekani? Tunafunga mkanda wa presha chini ya kiwiko, tunazuia damu dakika 5, tunaachia. Mimi mwenyewe nimefungwa mara nyingi mno. Dakika ya 3 vidole vinakufa ganzi, ya 4 kiganja kinageuka rangi, ya 5 unaanza kumchukia aliyeshika saa. Mkanda ukiachiwa, damu inafurika kwa mkupuo, na ndani ya dakika moja hivi mshipa wenye kipenyo cha milimita 4 unaweza kufika 4.3. Mshipa uliochoka hausogei sana.

Kwa kipimo hichohicho watafiti walijaribu mwaka 2009 kuirudisha damu nyuma makusudi. Waliwafunga vijana wenye afya mkanda mkononi kwa nusu saa, kwa shinikizo la milimita 25, 50 au 75 za zebaki, kipimo kilekile cha presha, bila mazoezi yoyote. Kadiri damu iliyorudi ilivyozidi, ndivyo mshipa ulivyopoteza uwezo wa kupanuka. Huenda kijana wako alisoma hilo akaishia hapo.

Mwaka uliofuata likaja jaribio ninalolipenda zaidi. Watu walifanya mazoezi ya kufinya kishikio kwa mikono yote miwili, wiki 8. Mkono mmoja ulifungwa mkanda ili damu isiongezeke sana, mwingine ukaachwa huru. Misuli ilifanya kazi ileile. Mshipa wa mkono huru ulipata uwezo zaidi wa kupanuka. Wa mkono uliofungwa haukupata. Kwa hiyo jasho la misuli peke yake halitoshi, mshipa unataka damu ipite juu yake.

Sasa turudi kwenye baiskeli yako. Damu inarudi nyuma zaidi mwanzoni. Mwili ukishapata joto, mishipa ya ngozi inafunguka ili kulitoa, mkononi pia, ile milango iliyoegeshwa inaachia. Nimelitazama jambo hili mara nyingi: paji la uso likianza kung'aa kwa jasho, bonde kwenye kioo linajaa polepole. Wewe unashuka dakika ya 20, yaani karibu na pale mkono unapoanza kufaidi! Ongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike 40, kama daktari anayekuandikia vidonge hana pingamizi. Shika usukani kwa wepesi, usiukabe. Mikono ya watu wanaofanya mazoezi ya miguu kwa wiki kadhaa hupimwa ikiwa na mishipa bora, ingawa mikono hiyo haikunyanyua kitu.

Tena, usikubali kupimwa dakika unayoshuka baada ya kujikamua. Mshipa mara nyingi huonekana umechoka hapo kwa hapo, kisha hurudi vizuri baadaye. Utapata sababu nyingine ya kukosa usingizi.

SWALI: Dada daktari, kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Jioni nakimbia. Je, jioni inafuta mchana? (Mkaa Kitini)

JIBU: Haifuti yote, mdogo wangu. Ukikaa, goti na nyonga zimekunjwa, damu ya miguuni inapita kwa uvivu na utando unakosa msuguano. Kuna jaribio ambapo vijana wenye afya walikaa saa 6 mfululizo. Mshipa wa nyuma ya goti ukadhoofika. Wakatembea dakika 10, ukarudi sawa. Jingine ni la kuchekesha: walikaa saa 3, mguu mmoja umetulia, mwingine unatikiswatikiswa dakika moja kila baada ya dakika 4. Mguu uliotulia ulishuka uwezo, uliotikiswa ukapanda. Mama yangu alikuwa ananichapa goti nikitikisa mguu mezani. Wewe tikisa, na simu ikilia, ipokee umesimama.

SWALI: Nikinyanyua vyuma vizito nabana pumzi ili nipate nguvu. Kuna ubaya? (Mbeba Chuma)

JIBU: Upo. Misuli iliyokazwa hubana mishipa iliyomo ndani yake, na pumzi iliyozuiwa huongeza shinikizo kifuani. Wanyanyuaji waliowekewa vipimo ndani kabisa ya mshipa miaka ya 1980, wakisukuma uzito kwa miguu, presha zao zilipita 300 kwa sekunde chache. Toa pumzi unaponyanyua. Kama una presha ya kupanda, punguza uzito, ongeza idadi ya kunyanyua.