Mzee alifunga geti lini? Somo langu la “had” kutoka Industrial Area

Nilikuwa msimamizi wa walinzi Industrial Area, Nairobi, kwa miaka minne. Usiku ni kuzunguka kutoka geti hadi geti nikiangalia nani yuko macho na nani amelala, na kutia sahihi kitabu cha OB, yaani cha kuandikia matukio. Asubuhi ni kuketi kuandika ripoti. Walinzi wananisimulia kwa Kiswahili, mteja anataka kusoma Kiingereza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha zote mbili ni rasmi, lakini sijawahi kukutana na mteja aliyeomba ripoti ya Kiswahili. Basi kila kukicha nilikuwa nachukua maneno ya mtu ambaye hajalala na kuyageuza, nami pia sijalala.

Usiku mmoja lori liligonga geti la ghala fulani, taa na kioo cha pembeni vikavunjika. Dereva akadai amefungiwa geti usoni. Nikamwendea mlinzi, mzee wa makamo aliyekuwa akiniita kijana wangu, nikamuuliza ilikuwaje. Akanijibu: “Kijana wangu, mimi nilikuwa nimefunga geti lori lilipofika. Huyo alikuja na mwendo, akaligonga.”

Nikaandika: “The guard said that he closed the gate when the lorry arrived.”

Niliona nimemaliza kazi. Sentensi haina kosa ambalo mwalimu angelipigia mstari mwekundu, na hapo ndipo palipo na hatari. Mzungumzaji wa Kiingereza akiisoma anaelewa hivi: lori lilifika, na hapo mlinzi akafunga geti. Yaani maneno yale yale ya dereva, sasa yametoka kinywani mwa mlinzi mwenyewe. Mteja akaona mlinzi amekiri. Kampuni ikamkata mzee siku tano za mshahara.

Alinijia mwisho wa mwezi na karatasi ya malipo mkononi, amekasirika lakini kwa adabu. “Uliwaandikia nini?” Nikatoa nakala, nikamsomea kwa Kiswahili: mlinzi alisema alifunga geti lori lilipofika. Akatikisa kichwa. “Mimi sikusema nilifunga. Nilisema nilikuwa nimefunga.” Mzee huyu Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia tu, lakini tofauti ile aliisikia mara moja. Mimi niliyesoma hadi Kidato cha Nne ndiye niliyeipoteza njiani.

Sentensi iliyotakiwa ni hii: “The guard said that he had already closed the gate when the lorry arrived.” Maneno mawili tu. Hiyo “had already closed” ndiyo “nilikuwa nimefunga” yake: geti lilikuwa limeshafungwa, kisha lori likatokea. Ningeandika “before the lorry arrived” hata bila “had” ningeeleweka, kwa sababu “before” yenyewe inapanga nini kilitangulia. Kwenye “when” hakuna kinachopanga isipokuwa kitenzi na hiyo “already”.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeandika ripoti, kumbukumbu za chama au barua ya malalamiko: ukisikia “nilikuwa ni-me-”, usiifupishe. Kiswahili kimeshakufanyia kazi, wewe unahamisha tu.

Tatizo ni kwamba mara nyingi Kiswahili cha mtaani hakikufanyii kazi hiyo. Kumbuka darasani. Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, na “nimefika” ikawa “alisema kuwa alikuwa amefika”, “nitakuja” ikawa “alisema kuwa angekuja”. Tulipata alama, tukaenda nyumbani, na mpaka leo hakuna mtu wa mtaa wa Umoja wala Kawangware anayeongea hivyo. Tunasema “alisema amefika”, “alisema atakuja”. Tunakiacha kitenzi kama kilivyotoka mdomoni mwa mwenyewe, kana kwamba bado tumesimama naye hapo getini. Kiingereza kinataka usimame pale ulipo wewe mwandishi, asubuhi, na uyatazame mambo yote ya usiku kwa nyuma.

Ndiyo maana “alisema amefunga” inatutoka kama “he said he has closed”. Masikio yetu hayaoni kasoro. Lakini kusema kwenyewe kumepita, na kufunga kulitangulia kusema, kwa hiyo “he said he had closed”. Na “hajafunga” vilevile: “he said he had not closed it yet”.

Kuna jambo moja nililolielewa nikiwa nimeshachelewa sana. “I have closed the gate at nine” ni kosa, kwa sababu “have closed” haikubali saa iliyokwisha kupita. Kosa hili ni letu kabisa. Sikiliza ofisini utasikia “he has told me yesterday” kabla ya saa 4 asubuhi. Lakini “he said he had closed the gate at nine” ni sahihi kabisa. Nilidhani ni ubaguzi. Kumbe “had” inabeba mizigo miwili: aliyesema “I have closed” na aliyesema “I closed”, wote wakiripotiwa wanaweza kuishia kwenye “had closed”. Saa inakubalika kwa sababu ya yule wa pili.

Baada ya kisa cha mzee niliingiwa na woga, nikaanza kumwaga “had” kama chumvi kwenye maharagwe ya hoteli. “The guard said he had heard a noise, had taken his torch, had walked to the fence and had found nobody.” Bosi wangu, ambaye alikuwa mkali kwenye lugha kuliko kwenye mishahara, aliifuta yote akaacha ya kwanza. Matukio yakifuatana kama yalivyotokea, “took” na “walked” vinatosha, msomaji hapotei. “Had” ni ya pale mpangilio unapovunjika, au pale mtu aliposema -me-. Na ukiona “had had” usishtuke. “He said he had had tea” maana yake alisema ameshakunywa chai.

Kwenye WhatsApp nako kuna mtego. “He said he'd close the gate” na “he said he'd closed the gate” vinatofautiana kwa herufi moja, lakini ya kwanza ni ahadi na ya pili ni kazi iliyokwisha. Kwenye ripoti siandiki “he'd” kamwe.

Je, “has” haina nafasi kabisa baada ya kuripoti? Inayo. Ukianza na “the guard says”, au “the guard has said”, basi “has” inakaa vizuri: “The guard says he has lost the key.” Hata “the guard said he has lost the key” utaikuta imeandikwa na watu wanaokijua Kiingereza, ikiwa ufunguo haujapatikana hadi wakati unapoandika. Lakini ukichagua hivyo, ujue wewe mwandishi nawe umesema neno: kwamba ufunguo bado umepotea. Niliwahi kuituma ripoti ya namna hiyo saa 1 asubuhi, na saa 2 ufunguo ukaonekana mfukoni mwa koti la mlinzi wa mchana. “Had lost” isingenisumbua. Yenyewe inasimulia alichosema mtu usiku, haimdhamini asubuhi.

Mzee hakurudishiwa siku zake tano. Niliandika barua ya kusahihisha, ikajibiwa kwamba mwezi umeshafungwa. Lakini mwaka mmoja baadaye mishahara ya walinzi wote wa zamu yetu ilichelewa, nikaambiwa niandike kwa makao makuu walichosema. Walisema, “Hatujalipwa.” Kwa kanuni niliyojifunza ningeandika “the guards said they had not been paid”, na ingekuwa sahihi. Nikaitazama. Mtu wa ofisini angeweza kuisoma akafikiri ni habari ya wiki iliyopita, pengine wameshalipwa tangu hapo, akaiweka kando na kikombe chake cha chai. Nikaifuta. Nikaandika: “The guards say they have not been paid.” Nikaongeza tarehe ya siku hiyo, nikatia sahihi, nikaituma kabla zamu ya mchana haijaingia.